Kusanifu turbini ya kaboni dioksaidi kwa umeme wa jua: anzia upande wa baridi

Turbini ya mvuke ya megawati 10, ukijumlisha na kondensa yake, hujaza jengo. Turbini ya kaboni dioksaidi ya uwezo huohuo inaweza kukaa juu ya meza ya ofisi. Udogo huo ndio unaowavutia wahandisi wengi, na ndio huohuo unaowaponza. Mtu hutumia miezi akichonga umbo la mapanga kwenye kompyuta ili aongeze nusu asilimia ya ufanisi, halafu asilimia tatu zinavujia kwenye sili, yaani vizibo vya kuzuia gesi isivuje, na kwenye mianya ambayo hakuitazama vizuri. Ndiyo maana mapanga, katika mwongozo huu, nayachukulia kuwa sehemu rahisi. Yanayoyazunguka ndiyo yatakayokula muda wako.

Nachukulia kwamba unajua tayari enthalpi na entropi, na kwamba umewahi kuchora pembetatu za kasi za turbini ya kawaida.

Kwanza, kwa nini gesi hii

Kaboni dioksaidi, yaani hewa ukaa ileile tunayoitoa puani, ikifikishwa kwenye joto la nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la megapaskali 7.38, hufika mahali ambapo mpaka kati ya gesi na kimiminika hufutika. Juu ya hapo hakuna tena kuchemka wala kuganda kuwa matone. Na karibu kabisa na hapo gesi inakuwa nzito kama kimiminika huku ikiendelea kutiririka kama gesi.

Faida yake iko kwenye kompresa. Katika turbini ya gesi inayotumia hewa, karibu nusu ya kazi inayotolewa na turbini huliwa na kompresa. Hapa, kwa kuwa gesi inagandamizwa ikiwa nzito, kompresa hula theluthi moja hivi, na siku ya baridi hupungua zaidi. Wazo lenyewe ni la zamani. Feher nchini Marekani na Angelino nchini Italia waliliandikia mwaka 1968, likalala miaka mingi, kisha tasnifu ya Dostal katika chuo cha MIT mwaka 2004 ikaliamsha. Kilicholilaza ni vifaa: hapakuwa na vibadilisha joto vidogo vya kuhimili shinikizo lile, wala aloi za kustahimili joto lile.

Hatua ya 1: Pima joto la mahali, kisha ndipo ufungue programu

Mitambo ya jua hujengwa penye jua kali na maji haba. Maana yake utapoza kwa hewa. Hewa ikiwa na nyuzi 40 mchana, gesi itatoka kwenye kipozeo ikiwa na nyuzi 50 au zaidi, mbali kabisa na zile 31 ulizoziona kwenye vitabu.

Tofauti hiyo si ndogo. Kwa shinikizo la megapaskali 8, kaboni dioksaidi yenye nyuzi 35 ina uzito wa kilo 420 hivi kwa kila mita ya ujazo. Ipandishe hadi nyuzi 45 tu, inabaki kilo 240. Nyuzi kumi zimekula karibu nusu ya msongamano, na kazi ya kompresa imepanda sana.

Utauliza, hiyo inaihusu nini turbini? Inaihusu sana. Shinikizo la juu limefungwa na unene wa mabomba, tuseme megapaskali 24 au 25. Siku ya joto, ili kompresa isile kila kitu, itakubidi upandishe shinikizo la chini kutoka 8 hadi 9 na kitu. Uwiano wa shinikizo uliokuwa karibu na 3 unashuka hadi karibu na 2.5. Turbini uliyoisanifu kwa uwiano wa kwanza sasa inafanya kazi nje ya mahali pake, tena katika saa zilezile ambazo jua liko utosini.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kumbukumbu za hali ya hewa za mwaka mzima, saa kwa saa. Zidisha kila joto kwa umeme ambao kituo kinatarajiwa kuzalisha saa hiyo. Jumlisha zote, kisha gawa kwa umeme wa mwaka mzima. Wastani unaopatikana ndio joto lako la kusanifia. Kama kituo kina tangi la kuhifadhi joto na kitauza umeme zaidi jioni na usiku, wastani huo utashuka kwa nyuzi kadhaa, na turbini yako itabadilika. Nimeona michoro mizuri sana iliyosanifiwa kwa nyuzi 15 za hewa kwa sababu tu ndicho kiwango cha kawaida cha turbini za gesi. Kwa jangwa, hiyo ni turbini ya mahali pengine.

Hatua ya 2: Uliza joto linabebwa na nini

Huchagui joto la kuingilia turbini peke yako. Anayelichagua ni kile kinachobeba joto kutoka juu ya mnara, pale ambapo vioo vinaelekeza mwanga wa jua.

Chumvi ya kawaida ya vituo vya jua, mchanganyiko wa asilimia 60 za naitreti ya sodiamu na 40 za naitreti ya potasiamu, hutumika kati ya nyuzi 290 na 565. Ukiisukuma kupita 600 huanza kuvunjika. Kwa chumvi hiyo turbini yako itapata nyuzi 550 hivi, na ushindani wako ni turbini ya mvuke iliyokomaa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ushindi hapo ni mdogo. Faida inayoonekana huanza juu ya nyuzi 650, ambapo mzunguko mzima unaweza kukaribia ufanisi wa asilimia 50. Huko ndiko miradi ya chembechembe zinazodondoka, zilizo kama mchanga na kuchomwa moja kwa moja na mwanga wa vioo, inakoelekea. Wizara ya Nishati ya Marekani iliichagua njia hiyo mwaka 2021, chini ya maabara ya Sandia, kwa hatua ya kujengwa na kujaribiwa.

Ukiwa huna uhakika mradi utatumia kipi, simama hapo. Usisanifu turbini ya nyuzi 700 kwa tangi la nyuzi 565 ukitumaini tangi litabadilishwa baadaye.

Hatua ya 3: Chagua mzunguko, ukilitazama tangi

Mzunguko unaosifiwa zaidi ni ule unaogawa gesi sehemu mbili kabla ya kipozeo. Sehemu moja inapozwa na kugandamizwa, nyingine inagandamizwa ikiwa bado na joto lake, kisha zinakutana kati ya virejesha joto viwili. Ufanisi wake kwenye karatasi ni mkubwa kwa sababu joto la gesi inayotoka turbini halipotei, linarudishwa karibu lote kwa gesi inayoingia.

Lakini angalia upande wa pili. Gesi inapofika kwenye hita ya jua imeshapashwa hadi nyuzi 530 hivi, na inahitaji kufika 700. Hita inatoa nyuzi 170 tu. Tangi la kuhifadhi joto linapenda kinyume chake: tofauti kubwa kati ya moto na baridi, kwa sababu kila kilo ya chumvi au chembe huhifadhi joto kulingana na tofauti hiyo. Ukiipunguza tofauti kwa nusu, tangi linakuwa mara mbili. Mzunguko mwepesi wenye kirejesha joto kimoja una ufanisi wa chini kidogo, lakini unaachia tofauti pana zaidi na una mashine chache za kuharibika. Fanya hesabu zote mbili hadi mwisho, ukiweka ndani ukubwa wa tangi. Jibu si moja kwa kila kituo.

Hatua ya 4: Hesabu za karatasi moja

Kabla ya uigaji wowote wa kompyuta, nataka uwe na karatasi moja yenye namba ambazo unaweza kuzitetea ukiamshwa usiku. Tuchukue mfano: gesi inaingia turbini kwa nyuzi 700 na megapaskali 24, inatoka kwa megapaskali 8.5, na mtiririko ni kilo 100 kwa sekunde.

Usitumie kanuni ya gesi bora kwa mzunguko mzima. Karibu na nyuzi 31 itakudanganya vibaya. Tumia mlinganyo wa hali wa Span na Wagner wa mwaka 1996, ambao umo ndani ya programu ya REFPROP na pia ndani ya CoolProp, ambayo ni ya bure. Ndani ya turbini yenyewe, ambako joto ni kali, gesi inakaribia tabia ya gesi bora, kwa hiyo hesabu ya mkono hutofautiana na programu kwa asilimia chache tu. Hilo ni jambo zuri: unaweza kujikagua.

Upanuko usio na hasara unatoa karibu kilojuli 180 kwa kila kilo. Kwa ufanisi wa asilimia 88, unapata 158. Mara kilo 100 kwa sekunde, ni megawati 15.8 kwenye shafti. Kompresa zikishachukua chao, pamoja na hasara za giaboksi, jenereta na mapangaboi ya kupozea, zitabaki megawati 10 hivi za kuuza. Gesi inatoka ikiwa bado na nyuzi 570.

Sasa ujazo. Gesi inaingia ikiwa na uzito wa kilo 123 hivi kwa mita ya ujazo, inatoka ikiwa na 52. Yaani mita za ujazo 0.8 kwa sekunde mlangoni na 1.9 kwenye njia ya kutokea. Turbini ya mvuke yenye nguvu hiyo humwaga zaidi ya mita za ujazo 100 kwa sekunde kwenye kondensa. Hapo ndipo ule udogo unapotoka. Si siri ya mapanga. Gesi haijapewa nafasi ya kutanuka.

Hatua ya 5: Kasi ya mzunguko, na umbo la turbini

Tumia kasi mahususi: kasi ya mzunguko katika radiani kwa sekunde, mara kipeuo cha pili cha mtiririko wa ujazo wa kutokea, gawa kwa tofauti ya enthalpi katika juli kwa kilo iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Turbini ya mzingo, ambayo gesi huingia pembeni na kutokea katikati, hupata ufanisi wake bora namba hiyo ikiwa karibu na 0.55.

Kwa mfano wetu, turbini ya mzingo yenye gurudumu moja ingetaka mizunguko 33,000 kwa dakika na kipenyo cha sentimita 24. Ncha zake zingekwenda mita 420 kwa sekunde zikiwa na nyuzi karibu 700. Kwa chuma cha leo hilo ni kujitafutia balaa. Kwa hiyo kwa ukubwa huu tunageukia turbini ya mhimili, ambayo gesi hupita sambamba na shafti, yenye safu kadhaa za mapanga.

Ukitaka megawati moja tu ya kuuza, hali ni nyingine. Kwa megawati 1.6 kwenye shafti, hesabu ileile inatoa gurudumu la chini ya sentimita 8 likizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mwanya wa ncha ya panga, beringi, jenereta, kila kitu kinakuwa cha kifundi saa. Mtambo mdogo wa majaribio wa Sandia ulisanifiwa kwa mizunguko 75,000 na ulitumia beringi za gesi. Ulifundisha mengi, lakini namba zake za ufanisi si za kupeleka kwa mwekezaji. Ushauri wangu: kama lengo ni kuuza umeme, usishuke chini ya megawati 10.

Turudi kwa safu. Tukichukua safu nne, kila moja inabeba kilojuli 40 hivi za kazi halisi. Kwa mizunguko 27,000 kwa dakika, na kasi ya panga ya mita 200 kwa sekunde katikati ya urefu wake, kipenyo cha katikati kinakuwa sentimita 14. Kasi ya sauti ndani ya gesi hii ikiwa moto hivi inakaribia mita 480 kwa sekunde, kwa hiyo hatuna haja ya kugombana na mawimbi ya mshtuko. Mizunguko 27,000 ndiyo kasi ya turbini ya mradi wa majaribio wa STEP, unaotumia gesi hiihii, huko San Antonio, Texas, ambayo ilizalisha umeme kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Joto lake linatoka kwenye gesi asilia, si jua, lakini turbini haijui tofauti hadi wingu litakapopita. Tutafika huko.

Hatua ya 6: Mapanga

Ukiipa gesi kasi ya mita 100 kwa sekunde kuelekea mbele, panga la safu ya kwanza linakuwa na urefu wa milimita 18 na la mwisho milimita 43. Panga la kwanza ni refu kuliko ukucha wa kidole gumba kwa kidogo tu.

Sasa tazama mzigo. Kila safu inatoa megawati 4 kwenye nusu kipenyo cha sentimita 7. Ukigawa nguvu ya kusukuma kwa mapanga 40, kila kijipanga kinasukumwa pembeni kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50. Katika turbini ya mvuke, panga refu la mwisho huogopwa kwa sababu linataka kuchomoka kutokana na mzunguko. Hapa hofu ni kukunjwa na gesi. Ndiyo maana mapanga lazima yawe manene na mapana kuliko jicho lililozoea mvuke linavyotarajia, na yakiwa mapana na mafupi, mikondo ya pembeni inayojikunja kwenye kuta inachukua sehemu kubwa ya njia. Huwezi kuikwepa hasara hiyo, unaweza kuipunguza tu. Punguza idadi ya mapanga, ongeza unene wa shina, viringisha kona ya mzizi kwa nusu kipenyo kikubwa, na chonga rota pamoja na mapanga yake kutoka kwenye bonge moja la chuma badala ya kupachika panga moja moja. Mifereji ya kupachikia ni mahali pa nyufa.

Na usilishe gesi sehemu tu ya mduara ili kuongeza urefu wa panga. Kwenye mvuke ni desturi. Kwa gesi yenye msongamano huu, panga linaloingia na kutoka kwenye mkondo mara 27,000 kwa dakika litavunjika kwa uchovu.

Hatua ya 7: Mianya na sili

Hapa ndipo penye kazi.

Chukua panga la milimita 18 na mwanya wa milimita 0.3 kati ya ncha yake na ganda. Mwanya huo ni mwembamba, lakini ni asilimia 1.7 ya urefu wa panga, na kila asilimia moja hugharimu pointi moja hadi mbili za ufanisi wa safu. Ukiupunguza mwanya, rota itagusa ganda siku ya kwanza joto litakapobadilika ghafla. Kinachosaidia ni kuyafunika mapanga kwa pete nchani na kuweka meno ya sili juu ya pete, kisha kuhesabu jinsi rota na ganda vinavyotanuka kwa wakati, si vikiwa vimetulia tu. Rota ni ndogo, hupata moto haraka. Ganda ni nene, huchelewa. Dakika za katikati ndizo za kuogopa.

Kisha ncha za shafti. Sili ya meno ya kawaida ingevujisha kaboni dioksaidi kiasi cha kukufilisi, kwa sababu gesi yote inayotoka lazima irudishwe au inunuliwe upya. Kinachotumika ni sili ya gesi kavu: nyuso mbili zilizosuguliwa, moja ikizunguka, zikielea juu ya utando wa gesi wa mikroni chache. Tatizo ni kwamba ndani yake kuna pete za mpira na plastiki zisizovumilia zaidi ya nyuzi 200 hivi. Upande mmoja una gesi ya nyuzi mia kadhaa, upande mwingine una pete za mpira, na kati yao una shafti yenye urefu wa kiganja.

Kosa la kawaida ni kumwaga gesi baridi mahali pamoja karibu na sili. Inapoza kweli, lakini inaweka nyuzi mia nne za tofauti kwenye sentimita mbili za chuma, na chuma kinapasuka. Njia sahihi ni kulishusha joto taratibu: acha gesi ya kupozea iingie karibu na sili na kutembea kuelekea upande wa moto kupitia mwanya mwembamba, joto la shafti lishuke kwa mteremko wa kawaida. Utahitaji shafti ndefu zaidi. Shafti ndefu inatetemeka zaidi. Kuvutana huko, kati ya joto linalotaka urefu na mtetemo unaotaka ufupi, ndiko usanifu wenyewe wa mashine hii. Rudi kwenye hatua hii baada ya ile inayofuata, kisha urudi tena.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: gesi ya kulishia sili ipashwe moto kwanza. Ikishuka kutoka shinikizo kubwa hadi la hewa ya kawaida ikiwa baridi, hupoa zaidi, ikafanya matone au barafu kavu palepale kati ya zile nyuso za mikroni chache. Sili ya thamani kubwa inakufa ndani ya dakika.

Mwisho kuna hasara ya kukoroga. Diski inayozunguka ndani ya gesi hula nguvu kulingana na msongamano wa gesi hiyo, na msongamano wetu ni mkubwa mara nyingi kuliko wa mvuke wa turbini ya kawaida. Hasara hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi na cha tano cha nusu kipenyo. Kwa hiyo usiache diski kubwa isiyofanya kazi yoyote, na kama jenereta iko ndani ya ganda moja na turbini, fyonza gesi ili shinikizo la chumba chake lishuke.

Hatua ya 8: Msukumo na mtetemo

Tofauti ya shinikizo kutoka mwanzo hadi mwisho wa turbini ni megapaskali 15.5. Iweke juu ya duara la kipenyo cha sentimita 10 tu, unapata msukumo wa tani 12 unaotaka kuitoa shafti mahali pake. Hakuna beringi ya msukumo ya ukubwa huo itakayobeba mzigo huo kwa mizunguko 27,000. Lazima uweke pistoni ya kusawazisha upande wa pili. Hesabu msukumo unaobaki katika hali zote, pamoja na kuwasha, kuzima, na sili ya pistoni ikiwa imechakaa mara mbili. Hali ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Kuhusu mtetemo, jua kwamba gesi nzito inayozunguka ndani ya sili huisukuma shafti pembeni na kuichochea iyumbe kwa kasi isiyo yake. Katika hewa athari hiyo ni ndogo. Hapa inaweza kuiangusha mashine. Weka vizuizi vya mzunguko wa gesi kwenye mlango wa sili za katikati, tumia sili zenye vishimo vya kumeza mtetemo kwenye pistoni, na chagua beringi za vibao vinavyojiinamia. Kasi hatari za shafti ziwe mbali na kasi ya kazi kwa asilimia 15 hadi 20.

Hatua ya 9: Chuma

Chini ya nyuzi 550 vyuma visivyoshika kutu vya kawaida vinatosha kwa mabomba mengi. Vyuma vya kromiamu asilimia 9 hadi 12, ambavyo watu wa mvuke wanavipenda, huanza kunyonya kaboni kutoka kwenye gesi na kuwa vigumu na vyepesi kuvunjika, kwa hiyo kuwa mwangalifu navyo joto likipanda. Karibu na 700 hakuna njia ila aloi za nikeli, kama 740H na 282 kwa mabomba na maganda. Bei yake itakushtua, na bomba la kutoka kwenye hita hadi turbini linaweza kugharimu kuliko turbini. Weka hita karibu.

Kituo cha jua huwashwa kila siku. Kwa miaka 30 hiyo ni karibu mara 11,000 za kupata moto na kupoa. Kwa hiyo kagua mambo mawili kwa pamoja: chuma kurefuka polepole kikiwa na moto na mzigo, na chuma kuchoka kwa kupanuka na kusinyaa. Ganda nene linalosalimika na la kwanza linauawa na la pili. Suluhisho ninalolipendelea ni maganda mawili, la ndani jembamba la aloi ya nikeli, la nje nene la chuma cha bei nafuu, na gesi ya baridi kiasi kati yao.

Weka pia chujio kabla ya turbini. Magamba ya kutu yanayobanduka ndani ya mirija ya hita yamewahi kutafuna nozeli za mitambo ya majaribio.

Hatua ya 10: Wingu, jioni na kuzima ghafla

Wakati nguvu inapopungua, usiifinye gesi kwa vali mlangoni. Punguza kiasi cha gesi kilichomo ndani ya mzunguko wote kwa kukihamishia kwenye matangi ya pembeni. Mashinikizo yote yanashuka kwa pamoja, uwiano unabaki karibu uleule, na kwa kuwa msongamano umeshuka sawa na mtiririko, kasi za gesi kwenye mapanga hazibadiliki. Turbini inaendelea kudhani iko kwenye kazi kamili. Njia hii ni ya polepole, inafaa kwa jioni. Kwa wingu la ghafla, tangi la joto ndilo linalokukinga. Kituo kisicho na tangi sikishauri kabisa kwa turbini hii.

Kuzima ghafla kunataka hesabu ya pekee. Rota ya kilo 70 hivi ikizunguka mara 27,000 ina nishati ya kilojuli 350 tu. Kiungio cha giaboksi kikikatika, megawati 15.8 zinaiongezea nishati kama hiyo ndani ya milisekunde 22, na kasi inapanda kwa asilimia 40. Vali ya dharura lazima iwe karibu kabisa na mlango wa turbini, kwa sababu gesi iliyonaswa kati ya vali na mapanga itaendelea kusukuma hata vali ikishafunga. Bomba la mita tatu hapo ni bomba lililobeba milipuko midogo.

Hatua ya 11: Kuijaribu

Zungusha kwanza rota peke yake kwenye chumba cha ombwe hadi juu kidogo ya kasi ya kazi. Kisha ifunge kwenye mzunguko kwa joto la chini, nyuzi 250 hivi, upime uvujaji wa kila sili na msukumo wa beringi kabla ya kwenda 500, na ukae hapo kwa muda kabla ya 700. Mradi wa San Antonio nao ulianza na nyuzi 500.

Ndani ya jengo weka vipimo vya gesi karibu na sakafu, si darini. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mashimo na mifereji ya nyaya. Kikomo cha kazi cha saa nane ni sehemu 5,000 kwa milioni, na ikifika asilimia 10 ya hewa mtu anaweza kupoteza fahamu upesi. Fundi anayeshuka kwenye shimo la giaboksi ashuke na kipimo mkononi, na mwenzake abaki juu.